UZI: Kushona kwilti ya sampuli yenye rangi nyingi, bloku moja baada ya nyingine, mambo ya kuamua kabla ya kukata kitambaa

Wanajamvi, salaam.

Nimefungua uzi huu kwa sababu maswali mengi kuhusu kwilti ya sampuli huulizwa wakati majibu yake yamekwisha kuchelewa. Mtu ana bloku kumi na tano (vipande vya mraba vinavyounda uso wa kwilti) zilizokamilika, kila moja nzuri peke yake, kisha anazitandaza sakafuni na kuona kwamba hazikubali kukaa pamoja: hii imezidi jirani yake kwa upana, ile rangi zake zinawaka mno, nyingine imepauka, na hakuna iliyo na udugu na mwenzake. Hapo ndipo anapouliza azipange vipi. Kwa maoni yangu, swali hilo lilipaswa kujibiwa kabla bloku ya kwanza haijakatwa, na majibu yake ni matatu tu: ukubwa mmoja usiobadilika, akiba moja ya mshono (kitambaa kinachobaki kati ya mshono na ukingo), na kitambaa kimoja cha msingi, yaani cha nyuma ya mchoro, kitakachorudi katika kila bloku. Mengine yote, yaani michoro, maua, mistari na rangi, yaamue siku ile ile unapokaa kwenye cherehani, kwa kuwa huko ndiko raha ya kazi hii iliko.

Kwa wasioifahamu, kwilti ni tandiko la matabaka matatu: uso ulioungwa kwa viraka, kijazio katikati, na bitana upande wa chini, yote yakishikanishwa kwa mishono inayopita hadi upande wa pili. Katika kwilti ya kawaida bloku moja hurudiwa uso mzima. Katika kwilti ya sampuli kila bloku ina mchoro wake, na kwa hiyo mshonaji hujifunza mbinu mpya karibu kila anapoanza bloku nyingine. Desturi hii si ya leo. Gazeti la Kansas City Star la Marekani lilichapisha michoro ya bloku kuanzia mwaka 1928 hadi 1961, na wasomaji waliikata, wakaihifadhi na kuishona mmoja mmoja. Kabla ya hapo, mwaka 1863, Jane Stickle wa jimbo la Vermont alikamilisha kwilti yenye bloku 169 za mraba, kila moja tofauti na nyingine, na jumla ya vipande 5,602. Sasa imehifadhiwa katika makumbusho ya mji wa Bennington. Bloku zake zina upana wa takribani inchi 5 tu. Namtaja kwa sababu kwilti yake inaonyesha jambo ninalolisisitiza: michoro haifanani hata kidogo, lakini ukubwa ni mmoja na kitambaa cheupe kinarudi kila mahali, na ndiyo maana jicho halipotei njia.

Tuanze na ukubwa. Mimi napendekeza bloku ya inchi 12 baada ya kushonwa, yaani takribani sentimita 30 na nusu, ambayo kabla ya kuunganishwa na wenzake itapima inchi 12½, kwa kuwa robo inchi kila upande itamezwa na mshono. Sababu ya kuchagua 12 ni ya kihesabu. Bloku nyingi za asili huchorwa juu ya gridi, yaani safu za miraba iliyo sawa, na namba 12 inagawanyika kwa 2, 3, 4 na 6 bila kubakiza kitu, kwa hiyo vipande vyako vitakuwa vya inchi 6, 4, 3 au 2, vipimo ambavyo rula yoyote inavisoma. Bloku za gridi ya 5 au ya 7 ndizo zinazokataa. Unyayo wa Dubu, kwa mfano, una gridi ya 7 (safu saba kwa saba), na ukilazimisha inchi 12 utapata vipimo visivyopimika. Ishone kwa vipande vya inchi 1½ ili ifikie inchi 10½, kisha izungushie fremu ya mikanda iliyokatwa upana wa inchi 1¼, nayo itafika 12 bila ugomvi. Bloku ya gridi ya 5 ishone kwa vipande vya inchi 2 ifike 10, na fremu yake ikatwe inchi 1½. Fremu hizo zikiwa za kitambaa cha msingi, hakuna atakayejua kwamba bloku ilikuwa ndogo.

Naomba mzoee pia kusoma gridi kabla ya kusoma jina. Bloku moja huwa na majina mengi na jina moja hubebwa na bloku kadhaa, kwa hiyo jina halikuambii jinsi ya kukata. Chora mistari juu ya picha, hesabu safu, na utajua mara moja kama bloku hiyo ni ya familia ya tatu kwa tatu, nne kwa nne au nyingine.

Sasa akiba ya mshono, ambayo watu huipuuza kuliko kitu kingine chochote. Kipimo kinachotumika ni robo inchi, karibu milimita 6, na kwa kweli inapaswa kuwa pungufu ya robo kwa unene wa uzi mmoja, kwa sababu kitambaa kinapokunjwa kwenye mshono hula nafasi kidogo. Tuseme mshono wako umezidi kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, kiasi ambacho jicho halikioni. Kila mshono una pande mbili, kwa hiyo kila mshono unakuibia sehemu mbili za kumi na sita. Bloku ya Viraka Tisa ina mishono miwili tu kwa upana, na itapungua robo inchi. Bloku ya Nyumba ya Magogo, ambayo mikanda huzunguka mraba wa katikati, ikiwa na mizunguko mitatu ina mishono sita kwa upana, nayo itapungua robo tatu ya inchi. Cherehani ni ile ile, mkono ni ule ule, na kosa ni lile lile, lakini bloku mbili zimetofautiana nusu inchi kwa sababu tu moja ina mishono mingi zaidi. Katika kwilti ya bloku moja inayorudiwa kosa hili hujificha, kwa kuwa bloku zote hupungua sawasawa. Katika sampuli haliwezi kujificha.

Dawa yake ni jaribio ambalo halichukui hata dakika kumi. Kata mikanda mitatu ya upana wa inchi 1½ na urefu wa kama inchi 5, iunge ubavu kwa ubavu, piga pasi, kisha pima mkanda wa katikati. Unapaswa kuwa na upana wa inchi 1 kamili. Ukiwa mwembamba zaidi, mshono wako ni mpana. Ukiwa mpana zaidi, mshono wako ni mwembamba. Sogeza sindano au ubandike utepe kwenye bamba la cherehani kama mpaka wa kuongozea kitambaa, na urudie hadi upate inchi moja. Urefu wa hatua ya mshono uwe kati ya milimita 2 na 2½: ukirefusha zaidi, mishono inafumuka kwenye ncha ambako hatufungi uzi, na ukifupisha zaidi utajuta siku ya kufumua.

Kuhusu pasi nitasema kwa ufupi: ibonyeze, usiiburute. Kitambaa kilichokatwa mshazari huvutika, na pasi inayoburutwa huligeuza pembe la bloku kuwa kitu kingine. Laza mshono upande wa kitambaa kilichokolea, na pale mishono miwili inapokutana, mmoja ulale kushoto na mwingine kulia ili iumane. Ukiipapasa kwa vidole utahisi imekaa.

Nafika kwenye rangi, na hapa nitakaa kidogo.

Wengi hudhani kwamba kwilti yenye rangi nyingi inahitaji kupangiwa rangi kwa uangalifu mkubwa, nyekundu karibu na kijani, buluu mkabala na machungwa, kama inavyoonyeshwa kwenye gurudumu la rangi. Gurudumu hilo lina faida, lakini mchoro wa bloku hauonekani kwa sababu ya aina ya rangi. Unaonekana kwa sababu ya tofauti ya mwanga na kiza. Nyota nyekundu juu ya msingi wa kijani, ikiwa zote mbili zina kiza sawa, itaonekana kama doa kwa mtu aliyesimama mbali hatua chache. Nyota ya buluu iliyokolea juu ya buluu iliyopauka itaonekana vizuri ingawa ni rangi moja. Piga picha vitambaa vyako kwa simu kisha uigeuze picha kuwa nyeusi na nyeupe. Vile vitakavyoonekana kijivu kimoja havifai kuwekwa jirani pale ambapo mchoro unataka mpaka. Kumbuka pia kwamba mwanga ni jambo la kulinganisha: kitambaa cha kati hugeuka kuwa chepesi kikiwekwa kando ya nyeusi, na hugeuka kuwa kizito kikiwekwa kando ya nyeupe, kwa hiyo usivigawe vitambaa mara moja na kuvifungia mafungu milele.

Ukubwa wa maua na michoro kwenye kitambaa nao una kazi yake. Ukiweka vitambaa vyote vya maua madogo madogo, kwilti itakuwa uji mmoja unapoitazama kwa mbali. Changanya maua makubwa, vidoti, mistari, miraba na vitambaa visivyo na mchoro. Mistari hasa ni ya thamani katika bloku za pembetatu, ingawa huwatesa wanaopenda kila kitu kielekee upande mmoja. Mimi si mmoja wao.

Kitambaa cha msingi kinunuliwe chote siku moja, kwa kuwa rangi ya kiwandani hutofautiana toka mkupuo hadi mkupuo, na nyeupe mbili zinazofanana dukani zinaweza kukataana zikishonwa pamoja. Kwa bloku 20 za inchi 12, mita 2½ hadi 3 za kitambaa chenye upana wa sentimita 110 zitakutosha kwa misingi ya bloku. Pamba tupu ndiyo inayoshika mkunjo wa pasi na kukatika bila kuteleza. Kitambaa chochote chenye rangi iliyokolea, hasa nyekundu na buluu nzito, kifue kwanza, kwa sababu rangi ikichuja baada ya kwilti kukamilika itaingia kwenye msingi wako mweupe.

Mpangilio wa bloku ninaoupendekeza unafuata ugumu. Viraka Tisa huanza, miraba tisa ya inchi 4½, ili kupima mkono. Kisha bloku zenye miraba ya pembetatu mbili, kama Nyota ya Urafiki: ili upate mraba wa inchi 4 baada ya kushona, kata miraba miwili ya inchi 4⅞, au afadhali ya inchi 5, moja nyepesi na moja iliyokolea, ilaze uso kwa uso, chora mstari kutoka pembe hadi pembe, shona robo inchi kila upande wa mstari, kata katikati, na utapata miraba miwili ya kupunguza hadi inchi 4½. Baada yake Nyota ya Ohio, ambayo miraba yake ya pembetatu nne hutokana na miraba ya inchi 5¼. Halafu nyota yenye Bata Bukini (mistatili yenye pembetatu kubwa katikati na mbili ndogo pembeni), ambao vipande vyao vyote vinne hupatikana kwa mraba mmoja wa inchi 7¼ na miraba minne ya inchi 3⅞ bila kukata pembetatu hata moja kabla ya kushona, jambo linalokuepusha na kingo za mshazari. Kisha Nyumba ya Magogo, yenye mraba wa katikati wa inchi 3½ na mikanda ya inchi 2. Mikunjo, yaani mishono ya kupinda, ya bloku ya Njia ya Mlevi na maua ya kubandika (yanayoshonwa juu ya kitambaa) yaje mwishoni, mkono ukiwa umekwisha kutulia.

Maswali karibuni.

*

Mchangiaji wa kwanza:

Dada mwanzisha uzi, ahsante kwa maelezo, lakini nina pingamizi kuhusu kitambaa cha msingi. Nimeona kwilti za mabaki ya vitambaa ambazo hazina kitambaa hata kimoja kinachojirudia, na bado zinasimama. Kuna wakati msingi mmoja mweupe katika bloku zote hufanya kwilti ionekane kama kurasa za kitabu cha mafunzo, kila mchoro umekaa katikati ya weupe wake. Je, huoni kwamba unawanyima watu uhuru wa kutumia walichonacho?

Mwanzisha uzi:

Ndugu yangu, pingamizi lako lina uzito, na sehemu yake naikubali. Kwilti za mabaki zinasimama, lakini zitazame vizuri uone ni nini kinachojirudia ndani yake. Mara nyingi ni mahali pa mwanga: vitambaa vyepesi vyote vimewekwa kwenye msingi na vilivyokolea vyote vimewekwa kwenye mchoro, hata kama ni vitambaa mia tofauti. Huo nao ni msingi, ila umeshonwa kwa familia ya vitambaa badala ya kitambaa kimoja. Mtu mwenye jicho lililozoea atafanya hivyo bila taabu. Kwa anayeanza, kitambaa kimoja humpunguzia uamuzi mmoja katika kila bloku, na bloku zikiwa 20 hilo si jambo dogo.

Kuhusu kurasa za kitabu, kuna njia ya kati ninayoipenda: chagua vitambaa vitatu au vinne vya msingi vilivyo karibu sana kwa mwanga, kimoja cheupe, kimoja cha maziwa, kimoja chenye vidoti hafifu, na uvizungushe. Weupe hautakuwa mkavu, na bloku bado zitatambuana. Wala msingi si lazima uwe mweupe. Kijivu kizito au buluu ya usiku hufanya rangi kali zing'ae kuliko nyeupe inavyoweza, ila nyuzi zilizokatika na vumbi la pamba vitaonekana juu yake, na hilo likubali mapema.

*

Mchangiaji wa pili:

Mimi nimeukuta uzi huu nikiwa tayari na bloku kumi na mbili. Nimezipima baada ya kusoma maelezo yako, na ndogo kabisa ina inchi 12 kamili ilhali kubwa kabisa ina 12¾. Je, nizikate zote zilingane na ile ndogo?

Mwanzisha uzi:

Usikate kwanza. Bloku yenye nyota ina ncha zinazokaa robo inchi kutoka ukingoni, na ukipunguza kingo ncha hizo zitakatwa na mshono unaofuata, nyota igeuke butu. Zizungushie bloku zote kumi na mbili fremu ya kitambaa kimoja, mikanda yake ikatwe upana wa inchi 1½, kisha weka rula katikati ya bloku na upunguze kila moja hadi inchi 13½. Bloku ndogo itabaki na fremu inayoonekana ya robo tatu ya inchi, na kubwa kabisa itabaki na fremu ya nusu ya hiyo. Tofauti hiyo itapotea ikiwa fremu na mikanda ya kutenganisha bloku ni ya kitambaa kimoja. Ikiwa fremu ni nyekundu na mikanda ni myeupe, kila mtu ataihesabu.

Ila kabla ya fremu, zipige pasi upya bloku ndogo na uangalie upande wa chini. Mara nyingi mshono haukufunguliwa hadi mwisho, kitambaa kimejikunja nusu milimita kila mahali, na pasi peke yake inarudisha sehemu ya kilichopotea.

*

Mchangiaji wa tatu:

Sina cherehani, na sina mpango wa kuwa nayo. Je, maelezo ya robo inchi na milimita 2 yananihusu?

Mwanzisha uzi:

Robo inchi inakuhusu, lakini kwako haipimwi kutoka kwenye ukingo. Anayeshona kwa mkono huchora mstari wa mshono wenyewe kwa penseli upande wa ndani wa kitambaa, akizungusha kigezo cha karatasi ngumu au plastiki chenye ukubwa wa kipande kilichokamilika, kisha hukata nje ya mstari akiacha kiasi cha robo inchi kwa macho tu. Ukingo ukipinda kidogo hakuna kinachoharibika, kwa sababu sindano inafuata penseli. Shona kutoka pembe hadi pembe ya mstari, si kutoka ukingo hadi ukingo, na rudisha sindano mara moja mwanzoni na mwishoni. Kwa njia hii akiba ya mshono inabaki huru, na unaweza kuilaza upande wowote baadaye.

Una faida moja ambayo sisi tulio na cherehani hatuna. Vipande vyenye pembe sita na mikunjo, vinavyotutoa jasho, kwako ni kazi ya kawaida. Kwa vipande vya pembe sita, kunja kitambaa kwenye kingo za karatasi iliyokatwa kwa umbo hilo, kipige bandi juu yake, kisha uviunge ukingo kwa ukingo kwa mishono midogo na kutoa karatasi pale tu kipande kikiwa kimezungukwa pande zote. Kwa hiyo mpangilio wa ugumu niliouandika hapo juu si wako. Wewe unaweza kuanza na mikunjo.

*

Mchangiaji wa nne:

Cherehani yangu ni ndogo na nafasi ya ndani ya mkono wake ni finyu. Kuunganisha bloku si tatizo, lakini naogopa siku ya kushona matabaka matatu ya kwilti nzima. Nimesikia kwamba mtu anaweza kushona kijazio na bitana kwenye kila bloku kabla ya kuziunganisha. Je, ni kweli, na ni busara?

Mchangiaji wa kwanza:

Naomba nijibu hili, kwa kuwa nimelifanya. Ni kweli. Kila bloku unaipatia kijazio na bitana vilivyozidi kidogo kila upande, unashona matabaka yote matatu, kisha unaipunguza hadi inchi 12½. Bloku mbili huunganishwa kwa mikanda miwili, mmoja mbele na mwingine nyuma: upande mmoja wa bloku unashonwa ukiwa katikati ya mikanda hiyo, kisha mkanda wa mbele unaungwa na bloku ya pili, na ule wa nyuma unakunjwa na kushonwa kwa mkono kufunika mshono. Kwa cherehani ndogo ni ukombozi, na bloku iliyokamilika inabebeka kwenye mkoba.

Mwanzisha uzi:

Maelezo ni sahihi, na kwa mwenye cherehani finyu sina neno. Naongeza tahadhari mbili. Kwanza, mishono ya kushikilia matabaka huivuta bloku ndani, na bloku iliyoshonwa kwa msongamano hupungua kuliko ile iliyoshonwa kwa nafasi, kwa hiyo acha uso wa bloku ukiwa na fremu ya ziada ya kupunguza baadaye, la sivyo hutaweza kufika 12½. Pili, ukifuata njia hii umekwisha kuamua kwamba kila bloku inabaki katika chumba chake. Hutaweza tena kupitisha mshono mmoja mrefu wa mawimbi kutoka upande mmoja wa kwilti hadi mwingine, na mimi naamini kwamba katika sampuli mshono wa aina hiyo ndio unaozishika mkono bloku zisizofanana.

Njia nyingine kwa cherehani ndogo ni kuiunga kwilti nzima lakini kuishona kwa mistari iliyonyooka, ukianzia mstari wa katikati na kwenda nje, huku sehemu iliyobaki imekunjwa ikae begani na mezani. Uzito wa kitambaa kinachoning'inia ndio unaopinda mishono, kwa hiyo meza iliyosogezwa kushoto kwako husaidia kuliko mguu wowote maalumu wa cherehani. Matabaka yashikwe kwanza kwa pini za kufunga, moja kila upana wa kiganja, na usome maelezo ya mtengenezaji wa kijazio kuhusu umbali wa juu unaoruhusiwa kati ya mshono na mshono, maana kila aina ina wake. Kijazio kilichoachwa wazi kupita kipimo chake huhama na kufanya mabonge kikifuliwa.

*

Mchangiaji wa pili:

Tafadhali tuelekeze hesabu ya mwisho, yaani mikanda na ukubwa wa kwilti kamili kwa bloku 20.

Mwanzisha uzi:

Panga bloku nne kwa upana na tano kwa urefu. Mikanda ya kutenganisha ikiwa na upana wa inchi 2 baada ya kushonwa, pamoja na ile ya kuzunguka nje, uso utakuwa na inchi 58 kwa 72. Utahitaji mikanda 49 ya inchi 2½ kwa 12½, ambayo inatoka kwenye mita 1 na robo ya kitambaa, na miraba 30 ya inchi 2½ ya kuwekwa kwenye makutano. Miraba hiyo ya makutano usiione kuwa pambo tu: inakupa alama ya kulinganisha safu na safu, na bila hiyo mkanda mrefu huteleza na bloku za safu ya chini zikaacha kutazamana na za juu. Mimi huitumia pia kurudisha rangi moja kali, kwa mfano manjano, kote kwenye uso.

Kabla ya kuziunga, zitandaze bloku zote, piga picha nyeusi na nyeupe tena, na uziangalie zikiwa pamoja. Bloku nzito kwa kiza ziende pembeni na nyingine chache katikati. Zikirundikana upande mmoja kwilti itaonekana imeinama. Bloku mbili za familia moja ya gridi zisikae jirani. Ukipata bloku moja inayokataa kila mahali, itoe na ushone nyingine. Ile iliyotolewa inafaa kwa mto au kwa bitana.

Ukiongeza pindo, yaani ukanda wa kuzunguka uso wote, la inchi 5 kila upande utafika inchi 68 kwa 82. Pima pindo kupitia katikati ya kwilti, usipime kwenye ukingo, kwa sababu ukingo huwa umevutika na pindo litakaa kwa mawimbi. Bitana na kijazio vizidi uso kwa inchi 3 au 4 kila upande. Utepe wa kufunga kingo ukatwe upana wa inchi 2½ na kukunjwa katikati kwa urefu. Mzunguko ni inchi 300, na ukiongeza inchi 12 za pembe na maungio utahitaji mikanda minane ya upana mzima wa kitambaa, yaani zaidi kidogo ya nusu mita. Iunge mikanda hiyo kwa mshono wa mshazari ili unene usikusanyike mahali pamoja, na hakikisha hakuna ungio linaloangukia kwenye pembe.